Gundi ya ndege ya mbao hupimwa kwa kuvunjwa

Gundisha vipande viwili vya mbao, subiri gundi ikomae, kisha vitenganishe kwa patasi na nyundo. Tazama palipoachana. Nyuzi za mbao zikinyofoka na kung'ang'ania upande wa pili, gundi imefanya kazi. Ukikuta gundi inang'aa kama kioo na mbao haikuchubuka, hiyo haifai hata kwa kiti cha sebuleni, seuze bawa la ndege.

Wajenzi makini wa ndege za nyumbani hufanya jaribio hili kila wanapokoroga gundi. Lakini jaribio hupima leo tu. Kazi ni kujua gundi itakavyokuwa baada ya miaka ya jua na mvua.

Mosquito, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, mwanzoni iliunganishwa kwa kaseini, gundi itokanayo na maziwa. Maziwa ni chakula, na kwenye joto la unyevunyevu kuvu nayo hujipatia mlo. Watengenezaji wakahamia gundi ya yurea na fomaldehaidi. Gundi hiyo kuvu haiili, ila joto na unyevu huidhoofisha polepole, bila dalili ya nje.

Leo mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inaihesabu kaseini kuwa imepitwa na wakati. Gundi ya resosino ndiyo yenye sifa ya muda mrefu: hata maji yanayochemka huyastahimili. Ila haina huruma kwa fundi mzembe. Viungo vikutane barabara, vibanwe kwa nguvu, na karakana isiwe na baridi. Epoksi ni mpole zaidi, hujaza hata mwanya mdogo. Adui yake ni joto, ndiyo maana mabawa mengi hupakwa rangi nyeupe. Gundi nyeupe ya maseremala iache dukani: ikibeba mzigo wa kudumu, huteleza kidogo kidogo.

Fundi naye ana mwili. Epoksi mbichi huweza kuzusha mzio wa ngozi, na ukishakupata, aghalabu hauondoki. Kugusa kidogo tu unaanza kujikuna upya. Vaa glavu za nitrili, na usinawe mikono kwa thina, kwani huipenyeza gundi ndani ya ngozi. Resosino hutoa fomaldehaidi, ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani. Fungua madirisha. Na kopo lililopita tarehe yake, litupe, hata kama limejaa.