Bwana Mkubwa Alipopita Sotik

Chai tuinywayo barazani baada ya alasiri aghalabu majani yake hutoka bara, na hapana nchi iliyosifika kwa chai kama Kericho na jirani yake Bomet. Apitaye huko huona vilima vya kijani kitupu, vimekatwa sawasawa kama busati. Leo, msomaji, natuizungumze Sotik, iliyomo Bomet, kwa sababu ya mgeni mmoja aliyeingilia kwetu pwani.

Mgeni huyo ni Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani tangu 1901 hata Machi 1909. Mwezi uliofuata, tarehe 21, aliteremka Mombasa, akaalikwa chakula cha usiku katika klabu ya Wazungu, pale ubavuni mwa Ngome. Kesho yake akapanda gari la moshi kwenda bara kuwinda. Wapagazi wake, miongoni mwao Waswahili, walimwita Bwana Mkubwa. Yeye kitabuni mwake akaandika "Bwana Makuba". (Tusimcheke, hakupita chuoni.)

Kabla ya safari hiyo alikuwa amekwisha pata sifa ya upatanishi. Septemba 1905 aliwasuluhisha Warusi na Wajapani waliokuwa wakipigana, na 1906 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani, Mmarekani wa kwanza kuipata.

Lakini mwaka huohuo wa 1905 Waingereza walipeleka jeshi Sotik kuwaadhibu Wakipsigis, ambao walishitakiwa kwamba wamewapora Wamaasai ng'ombe. Wakipsigis wanaodai haki zao wanasema waliouawa ni watu 1,850, wanawake na watoto wakiwamo. Ng'ombe wakatwaliwa, na ardhi nayo ikafuata. Mlipaji wa deni la ng'ombe akalipishwa nchi!

Juni 1909 Roosevelt alikata nyika kavu kuiendea Sotik, jina ambalo wakati ule Wazungu walilitandaza mpaka mbuga za Wamaasai. Kitabu chake kimejaa simba, vifaru na pofu, maana katika safari nzima yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Nyanda za juu aliziona kuwa ni nchi ifaayo kukaliwa na Wazungu, na walowezi akawasifu.

Alipotoka Afrika alihutubu Paris, Aprili 1910, juu ya wajibu wa raia: kwamba dola husimama kwa mtu wa kawaida atimizaye lililo juu yake. Mwezi wa Mei, mjini Christiania, ambao leo ni Oslo, akatoa hotuba ya ile nishani. Alisema amani ni njema, ila haiwi jambo bora kuliko yote isipofuatana na haki; tena akashauri mataifa makubwa yafunge umoja wa kuilinda. Maneno haya mimi nayakubali. Sisi tuliohifadhi majina matukufu tunajua kuwa As-Salaam na Al-Adl yamo yote mawili, na ayatajaye moja hawezi kulikana la pili. Ninaloliuliza ni dogo: katika umoja huo wa wakubwa, mtu wa Sotik angeketi wapi? Na wajibu wa raia atautimiza vipi asiyehesabiwa kuwa raia katika nchi ya babu zake?

Makampuni makubwa ya chai yaliingia Kericho katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 Serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa dini ya Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, penye joto na malale. Ukoo mzima, wazee na watoto.

Wajukuu hawakunyamaza. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliyakubali malalamiko yao. Oktoba 2023 Mfalme Charles alifika Kenya, akataja majuto juu ya maovu ya ukoloni, lakini msamaha hakuuomba. Mwaka mmoja kabla yake, Watalai na Wakipsigis walikuwa wamekwisha peleka mashitaka yao juu ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, katika Ufaransa ileile alikohutubu Bwana Mkubwa.