WAJIBU WA MZALISHAJI JUU YA TAKA BARANI ULAYA

Zamani, gharama za kuzoa taka barani Ulaya zilibebwa zaidi na manispaa, yaani mlipa kodi. Mnamo mwaka 1991 Ujerumani iliweka kanuni ya kuwawajibisha wazalishaji na wauzaji juu ya vifungashio vilivyokwisha kutumika. Tangu hapo, wazalishaji hulipa ada kwa vyombo maalumu vinavyosimamia ukusanyaji na urejelezaji wake.

Aidha, mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulielekeza kwamba ada hizo, kila inapowezekana, zizingatie wepesi wa kuirejeleza bidhaa. Mwaka 2019 wajibu huo ulifikishwa hadi kwenye zana za uvuvi zenye plastiki.

Ifahamike kuwa ada hiyo huweza kuingizwa katika bei. Hata hivyo, mwenye kiwanda hupata sababu ya kuifikiria taka kabla hajaitengeneza bidhaa.