Fimbo ya gofu ya baba haimfai mtoto

Igogwe, kwenye vilima vya chai na migomba wilayani Rungwe, mtoto aliyeona gofu kwenye simu ya mzazi hangoji kupelekwa Lugalo, Dar es Salaam. Anakata tawi la mpera lenye kona, anatafuta mpira na kuanza kupiga. Mzazi mwenye uwezo humtafutia fimbo kuukuu ya mtu mzima na kuukata mpini. Hapo ndipo penye tatizo.

Umbo la fimbo huamua mpira uruke vipi. Mkulima analijua hili: jembe la mpini mrefu hushuka kwa kasi kuliko la mpini mfupi, ila ni gumu kulielekeza. Draiva, fimbo ndefu kuliko zote za kurusha mbali, ina uso uliosimama, umelala kama nyuzi 10 tu, hivyo husukuma mpira mbele. Fimbo fupi ya kutolea mpira mchangani imelala kama nyuzi 56. Mpira hupaa, huzunguka kinyumenyume na kuanguka karibu. Ndiyo maana mchezaji huruhusiwa kubeba hadi fimbo 14. Hata hewa inachangia: huku milimani ni nyepesi, mpira huenda mbali kidogo kuliko pwani.

Fimbo ya mtu mzima ikikatwa inakuwa fupi, lakini kichwa chake kinabaki kizito na mpini unakakamaa zaidi. Mtoto hawezi kuizungusha kwa kasi, mpira hauruki, naye analazimisha kwa kiwiko na kiuno, viungo ambavyo bado vinakua. Fimbo ya mtoto hutengenezwa nyepesi yote, na mpini unaonesa. Kwa kuanzia, tawi jepesi la mpera ni afadhali kuliko chuma cha baba.

La kuogopesha zaidi ni kichwa cha mwenzake. Majeraha mabaya ya gofu kwa watoto mara nyingi hutokana na fimbo yenyewe kumpiga aliyesogea karibu, hasa aliye nyuma ambaye mpigaji hamwoni. Wanaosubiri wakae mbele ya macho yake, hatua kadhaa kubwa kutoka fimbo inapofika, na si upande mpira unakoelekea.

Mtoto aliyepigwa kichwani akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au akizimia hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali mara moja. Asiambiwe alale kwanza, ataangaliwa asubuhi.