Vijana wetu na mihogo: kazi ya kuwapa iko wapi?



Karibu kila mkutano mkuu tunaohudhuria huku Kivu ya Kusini, mzee mmoja anasimama na kusema: "Vijana wa siku hizi hawapendi jembe." Watu wanatikisa kichwa, kisha tunapita kwenye bei ya mbegu. Leo tunaomba tusipite haraka, juu vijana hao wanajua kuhesabu, na hesabu yao ndiyo inawafukuza shambani.

Tuchukue kijana wa miaka 22. Shamba la baba limegawanywa kwa kaka zake, yeye amebaki na kipande cha kujengea nyumba tu. Kununua haki ya kalinzi hawezi. Anaweza kulima kwa bwasa, ile ya kukodi kwa msimu, na mwenye shamba anapata sehemu ya mavuno ao siku za kazi. Lakini bwasa haimruhusu kupanda kitu cha kudumu, na muhogo unataka miezi 10 ao 12, hata zaidi kule juu kwenye baridi. Kwa hiyo anabaki na maharagi, na msimu mmoja mubaya unamaliza akiba yote. Upande mwingine kuko kare ya dhahabu na pikipiki ya tajiri. Kare inaporomoka, pikipiki inavunja miguu, kila mtu anajua. Lakini feza inaonekana jioni ile ile.

Kumwambia kijana huyo "rudi kwenye udongo" bila kumpa udongo ni maneno matupu. Hata kugawa majembe na pampu hakusaidii sana: tumeona vifaa vingi vimelala ndani ya depo juu hakukuwa shamba la kuvitumia wala mnunuzi wa mavuno. Kazi anayoweza kuanza nayo ni ile inayozunguka shamba la wengine, inayolipwa haraka, na ambayo kooperative yenu inaihitaji tayari. Kwa mihogo tunaona mbili.

Ya kwanza ni vijiti vya kupanda. Hekta moja, ukipanda mita moja kwa mita moja, inakula vijiti 10,000. Wengi wetu tunavikata kwa jirani bila kuangalia, na hivyo ndivyo mozaiki inavyosafiri: nzi weupe wanaileta, lakini sisi wenyewe tunaibeba mabegani mwaka kwa mwaka. Jani lenye mabaka ya njano, lililojikunja na kuwa dogo, mnalijua. Ugonjwa mwingine, ule wa michirizi ya kahawia, ni mjanja zaidi: majani yanaweza kuonekana mazuri, halafu unapochimba unakuta muhogo umeoza ukavu ndani.

Kikundi cha vijana 6 ao 8 kinaweza kuchunga shamba la vijiti safi. Kooperative inatoa are 20, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya shefu wa kijiji, ya miaka miwili angalau. Shina za kwanza zitoke mahali panapojulikana kwa kazi hiyo, kama kituo cha INERA cha Mulungu ao kwa wazalishaji wanaokaguliwa na SENASEM. Mkipanda mita moja kwa nusu mita, are 20 zinabeba mimea 4,000. Baada ya miezi 8 hadi 10 kila mmea unatoa vijiti karibu 10 vya sentimita 20 hadi 25, vyenye macho 5 hadi 7. Ni vijiti 40,000, yaani mbegu ya hekta 4 za wanamemba, na mihogo yenyewe bado iko chini.

Kazi kubwa iko kwenye miezi ya kwanza. Kila wiki mbili wanapita mstari kwa mstari, wanang'oa kila mmea wenye dalili na kuutoa nje ya shamba. Hapa mkulima wetu anaumwa roho, anasema "acha, utapona." Hauponi. Ndiyo maana tunapenda kazi hii iwe ya watu wanaolipwa kwa kung'oa. Na kabla ya kuuza, wapasue mihogo ya mimea kadhaa hapa na pale kuangalia ndani. Wakikuta kahawia, wasiuze.

Mtauliza: miezi 8 kijana atakula nini? Maharagi mafupi yakipandwa katikati ya mistari yanatoka kwa karibu miezi 3, na hayo yawe yao yote. Palizi na kung'oa, kooperative ilipe kwa kazi, kidogo lakini siku ileile iliyosemwa. Kikundi kikichelewesha malipo mara mbili, mtawatafuta vijana kwenye kare.

Kazi ya pili ni unga. Muhogo ukisha kuchimbwa unaanza kuharibika ndani ya siku 2 ao 3, na mnunuzi anajua hivyo, ndiyo maana anakuja jioni na kupanga bei yeye. Kukausha kunaondoa haraka hiyo. Lakini tafadhali pigeni hesabu mbele ya kununua mashine. Kilo 100 za mihogo mibichi zinatoa unga kilo 25 hadi 30 tu, juu maganda na maji vinaondoka. Kwa hiyo mihogo kilo 4 kwa unga kilo 1. Tuseme kilo ya mibichi ni franka 300: unga ukiuzwa 1,200 mmerudisha mihogo peke yake, na bado kuni, usafiri, kusaga na mshahara. Kama soko lenu halilipi zaidi ya hapo, bakieni na vijiti. Tunasema hivyo ingawa sisi wenyewe tunapenda miradi ya unga.

Bei ikikubali, anzeni bila mashine: visu, mapipa, shitingi safi na meza za miti za kuanikia, ili mbuzi na vumbi vibaki chini. Mihogo michungu lazima ilowekwe siku 3 ao 4 mpaka ilegee, ndipo ianikwe. Kijana anayelipwa kwa kilo atajaribiwa kuitoa baada ya siku moja. Msikubali hata kidogo. Sumu iliyomo ndiyo iliyoleta konzo kule Kwango, ugonjwa unaokaza miguu ya watoto na wamama na hauna dawa ya kuuondoa. Kipande kikavu kinavunjika kwa sauti, kikipinda, bado.

Na hapa tuseme neno moja juu ya wamama. Kumenya na kuanika ni kazi ambayo wao wanaifanya tayari, mara nyingi ndiyo feza yao ya sabuni na ya shule. Mkiwapa vijana wanaume, mtakuwa mmehamisha ukosefu wa kazi kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Kikundi kiwe na wasichana, na mama anayejua kuloweka awe ndiye mwalimu wao, alipwe pia.

Kijana anayefanya kazi hizi aingie katika kooperative kama mwanamemba. Kwa sheria ya OHADA ya 2010 ambayo Kongo inaifuata, kila memba ana sauti moja, hata awe na sehemu ngapi. Sehemu yake anaweza kuilipa kidogo kidogo kwa kukatwa kwenye malipo, kama statuti zenu zinaruhusu. Na kikundi kifungue AVEC yao, juu feza ya maharagi ikigawanywa yote siku moja, hakuna anayeikumbuka mwezi unaofuata.

Msimu A unaanza mwezi wa 9. Mbele ya hapo komite ipite kwa kila mwanamemba na kuandika: anataka kupanda are ngapi za mihogo, na atalipa vijiti kwa feza ao kwa mavuno. Orodha hiyo ikiwa chini ya hekta 2, are 20 ni nyingi mno. Anzeni na 10. Ikifika hekta 4, leteni karatasi ya shamba na majina ya vijana kwa agronomu wa sekta yenu, tutakuja kupima mistari pamoja nao.