Wavu wa vitunguu, boksi na jani: uchapaji wa wasio na kitu

EDGBASTON, Birmingham – Wavu wa vitunguu, boksi lililochanika, kizibo cha soda, jani lililoanguka njiani. Kwa wengi hizo ni takataka. Kwa mwenye bamba la jeli ni vyombo vya kazi.

Uchapaji huu hautaki mashine. Unatandaza rangi ya akriliki kwa rola juu ya bamba, iwe nyembamba sana, unagandamiza kitu chako na kukiondoa, kisha unalaza karatasi na kuisugua kwa kiganja. Ukiibandua, alama zote zimo. Boksi lililochunwa ngozi ya juu hutoa mistari, plastiki ya vipovu hutoa madoadoa. Kipande cha mkeka wa ukili nacho hakishindwi na lesi ya dukani. Vyenye ncha kali viweke mbali, hukata bamba.

Jani ndilo lenye raha. Lilaze juu ya rangi, mishipa ikitazama chini, uchape: utapata kivuli cheupe tu. Usikate tamaa. Libandue, weka karatasi ya pili upesi kabla rangi haijakauka, na mshipa mmoja mmoja utajitokeza. Wanaoishia karatasi ya kwanza, kwa maoni yangu, wameacha nyama wakanywa mchuzi.

Lakini kwa nini habari hii iwahusu wasomaji wetu? Kwa sababu ya mfuko. Mwomba hifadhi nchini Uingereza kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi, na mwaka 2024 posho ya anayejipikia ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki. Hapo hakuna fedha ya turubai, lakini kuna siku ndefu za kungoja barua.

Bamba lenyewe hupikwa nyumbani kwa jelatini, gliserini na maji, likichubuka huyeyushwa upya. Waislamu watafute jelatini ya ng'ombe ya halali. Walioko Dar es Salaam au Mombasa waliweke kivulini, joto hulilainisha.

Jeli ina historia inayotugusa sisi waandishi tulio uhamishoni. Hektografu, iliyonakili maandishi kwa jelatini tangu karne ya 19, ilitumiwa na wapinzani wa wafalme wa Urusi kuchapa vipeperushi vya siri. Serikali huweza kufunga kiwanda cha chapa. Sinia la jeli huingia uvunguni mwa kitanda.

Wala umaskini wa vifaa si mgeni kwetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao za bei poa na rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima.

Kwa walioko hapa, Midlands Arts Centre, iliyoanzishwa mwaka 1962, imo ndani ya Cannon Hill Park. Miti ya bustani hiyo hupukutisha majani kuanzia Oktoba, bure. Okota yaliyo bado laini. Makavu huvunjikia kwenye rangi.