Kiazi Kitamu na Adui Zake

Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho pengine kimo chunguni nyumbani kwako sasa hivi, yaani kiazi kitamu. Najua wako watakaocheka na kusema, "Kiazi nakijua tangu utoto, nifundishwe nini tena?" Kaeni kitako, msikilize.

Kwanza nawauliza swali. Mtu akitaka kupanda viazi mviringo, vile ambavyo wengine huviita viazi ulaya, hupanda nini? Hupanda kiazi chenyewe. Na akitaka kupanda viazi vitamu? Hukata marando. Kwa nini mimea hii, ambayo majina yake yanakaribiana, ipandwe kwa njia mbili? Sababu ni kwamba haina udugu wa karibu. Kiazi mviringo ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Ndiyo maana kina macho, na kila jicho laweza kuchipua. Ndugu zake ni nyanya na bilinganya. Lakini kiazi kitamu ni mzizi. Rando lina vifundo, na kifundo kikifukiwa hutoa mizizi. Baadhi ya mizizi hiyo hujaa wanga ikanenepa, navyo ndivyo viazi tunavyokula.

Asili ya mmea huu ni Amerika. Wenyeji wa huko waliulima kwa maelfu ya miaka. Baada ya Christopher Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, ulipelekwa Hispania, na Wareno wakauleta pwani za Afrika. Lakini leo, ukienda Uganda, Rwanda, Burundi au kandokando ya Ziwa Viktoria ukamwambia bibi kizee kwamba kiazi ni mgeni, atadhani unamtania.

Sasa tumtazame adui. Jina lake ni fukusi. Ni mdudu mdogo, mweusi au wa kahawia, ambaye ukimwona kwa haraka utadhani ni chungu. Jike hutaga mayai katika shina na katika kiazi, na funza wakianguliwa hutoboa na kula humo ndani. Bila shaka umewahi kuuma kiazi kilichotobolewa ukakitema. Ule uchungu hautoki kwa fukusi. Kiazi chenyewe ndicho kinachoutengeneza ili kujilinda, nao huenea hata mahali ambapo funza hajafika, wala kupika hakuuondoi. Na tahadhari: kiazi kilichooza na kuota ukungu usimpe ng'ombe. Kina sumu inayoharibu mapafu, na mnyama aweza kufa.

Lakini fukusi ana udhaifu mmoja, na mkulima akiujua amepata silaha isiyouzwa dukani. Hawezi kuchimba udongo. Hukifikia kiazi kwa kupita katika nyufa. Kiazi kinaponenepa, tuta hupasuka, na jua likizidi nyufa huongezeka. Kwa hiyo pita shambani mwako mara kwa mara, uzibe nyufa na kupandisha udongo juu ya tuta. Unapokata marando ya kupanda, chukua ncha, kwa kuwa mayai hutagwa zaidi katika sehemu kuukuu za shina. Tena usipande shamba jipya kando ya lile la zamani.

Wengi wetu huacha viazi ardhini na kuchimba kidogo kidogo, chakula cha siku kwa siku. Si vibaya wakati wa mvua. Kiangazi kikianza, ghala hilo huwa la fukusi. Ni afadhali kuvichimba na kuvikausha. Wasukuma wanaifahamu sana kazi hii. Viazi vibichi vilivyokatwa na kukaushwa huviita michembe, na vile vilivyochemshwa kwanza huviita matobolwa. Vikitunzwa vizuri, huliwa miezi mingi.

Jambo la pili ni rangi. Watu wengi hupenda kiazi cheupe kwa sababu ni kikavu, chenye unga mdomoni. Kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa mara nyingi huwa na maji zaidi, na wazee hukilalamikia. Lakini rangi ile ndiyo ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa huanza kutoona vizuri jioni. Hali ikizidi, hupofuka, na surua au kuhara huweza kumwua kwa urahisi. Kiazi kimoja kidogo cha namna hii, kama gramu 125, chatosha mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku. Tia mafuta kidogo katika chakula chake, kwani vitamini hii huingia mwilini kwa msaada wa mafuta. Ukivikausha, vifiche jua kali, maana jua huiharibu.

Wataalamu walikisikia kilio cha wazee, wakazalisha aina za rangi ya chungwa zilizo kavu zaidi, kama ile iitwayo Kabode. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde na Jan Low wa Marekani walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani, kwa kazi yao juu ya viazi hivi.

Limebaki la marando. Kiangazi kirefu huyakausha, na mvua ikinyesha watu huzunguka kwa majirani kuomba. Anayechelewa kupanda huchelewa kuvuna, na mavuno yake hukutwa na nyufa na fukusi. Basi fanya hivi. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo vizima, visivyo na tundu. Vipange katika beseni la mchanga mkavu, visigusane, uvifunike kwa mchanga na kuliweka beseni ndani ya nyumba penye ubaridi. Vitachipua humo. Miezi miwili hivi kabla ya mvua, vipande bustanini karibu na nyumba na kuvimwagilia. Mvua ya kwanza itakukuta na marando yako mwenyewe.

Sasa chukueni madaftari. Andikeni maneno haya matatu: tuta, rando, fukusi. Kisha kila mmoja atunge sentensi moja yenye maneno yote matatu, amsomee jirani yake.