Mitambo ya simu yageuka programu: mwenye hisa aangalie nini?

Na Mwandishi wa Masoko

MWEKEZAJI mdogo mwenye hisa za kampuni ya simu huangalia mambo mawili: idadi ya wateja na gawio. Jambo la tatu, ambalo halionekani kwa urahisi katika taarifa za hesabu, ni jinsi kampuni inavyonunua mitambo yake. Huko huenda fedha nyingi kabla gawio halijafikiriwa, na huko ndiko yalikotokea mabadiliko makubwa tangu mwaka 2012.

Mabadiliko hayo hujulikana kwa kifupi kama NFV. Maana yake ni kwamba kazi za mtandao zilizokuwa zikifanywa na mitambo maalumu sasa hufanywa na programu ndani ya kompyuta za kawaida. Chombo kilicholitoa wazo hilo kwenye karatasi ni OPNFV, jukwaa la programu huria lililoanzishwa Septemba 2014 chini ya Linux Foundation ya Marekani. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila kulipia leseni.

Sanduku moja, muuzaji mmoja

Kwa miaka mingi kila kazi ya mtandao ilikuwa na sanduku lake: moja la kuunganisha simu, jingine la kutambua wateja, jingine la kuzuia wavamizi. Sanduku na programu iliyomo vilitoka kwa mtengenezaji yule yule. Aliyewahi kununua mashine ya kusaga ambayo vipuri vyake vinapatikana duka moja tu mjini anaijua hali hiyo. Bei ya mashine mnakubaliana, lakini bei ya kipuri anaipanga mwenye duka.

Oktoba 2012 kampuni 13 za simu, zikiwamo AT&T, BT, China Mobile, Deutsche Telekom, Orange na Telefónica, zilitoa waraka wa pamoja mjini Darmstadt, Ujerumani. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya kiufundi: matumizi ya mtandao yanapanda, mapato hayapandi kwa kasi hiyo, na masanduku yanachakaa upesi. Walitaka kununua kompyuta kwa yeyote na programu kwa yeyote.

Jukwaa linavyofanya kazi

Chini kabisa zipo kompyuta zenyewe, yaani seva. Juu yake ipo KVM, programu inayoigawa seva moja iwe kama kompyuta nyingi zinazojitegemea, mfano wa nyumba iliyogawanywa vyumba vya kupangisha. OpenStack ni kama dalali wa vyumba hivyo: hupokea maombi, hugawa nafasi na kukichukua tena chumba kikiwa kitupu. Ceph hutunza kumbukumbu, Open vSwitch hupitisha data kati ya chumba na chumba, na OpenDaylight huelekeza njia. Ndani ya vyumba ndimo zinamoingia kazi za simu.

OPNFV haikuziandika programu hizo. Zilikuwapo tayari, kila moja ikiwa na mafundi wake. Kazi yake ilikuwa kuzikusanya, kuzifunga pamoja, kuzijaribu katika maabara na kuwarudishia mafundi kasoro zilizoonekana. Si kazi ndogo. Ukurasa wa intaneti ukichelewa sekunde mbili msomaji husubiri, lakini sauti ya simu ikichelewa hata nusu sekunde mazungumzo huharibika.

Toleo la kwanza, Arno, lilitoka Juni 2015. Yaliyofuata yalipewa majina ya mito kwa mfuatano wa alfabeti: Brahmaputra, Colorado, Danube, Euphrates na kuendelea. Januari 2021 OPNFV iliunganishwa na kundi jingine lililokuwa likiandaa vipimo vya pamoja vya kampuni za simu, na chombo kipya kikaitwa Anuket.

Waanzilishi walitoka pande zote mbili za kaunta. Wanunuzi walikuwa AT&T, China Mobile, NTT DOCOMO, Telecom Italia na Vodafone. Wauzaji walikuwa Ericsson, Nokia, Huawei, Cisco, Intel, Red Hat na wengine. Kwa wasomaji wetu jina la Vodafone si geni. Kupitia Vodacom, ina hisa katika Vodacom Tanzania, iliyoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017 kwa bei ya Sh 850 kwa hisa, na pia katika Safaricom ya Kenya. Maamuzi ya ununuzi yanayofanywa na mwenye hisa mkubwa wa namna hiyo hayawezi kukosa kumhusu mwenye hisa mdogo.

Ya bure, lakini ina gharama

Hapa ndipo mwekezaji anapotakiwa kuwa mwangalifu. Leseni isiyolipiwa haina maana kwamba mtandao umekuwa rahisi. Programu huria inahitaji mtu wa kuifunga, kuilinda na kuamka usiku inapokwama. Kampuni ama inaajiri wataalamu wake, ama inalipa kampuni nyingine kwa matengenezo. Red Hat ilijenga biashara yake juu ya matengenezo hayo, na Julai 2019 IBM ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 34 hivi.

Wasiotaka kubeba mzigo huo walinunua programu za kulipia zinazofanya kazi ile ile, na wengine wakajikuta wamerudi kwenye duka moja. Novemba 2023 Broadcom iliinunua VMware, muuzaji mkubwa wa programu za kugawa seva. Agosti 2024 AT&T iliishitaki Broadcom mjini New York ikidai inanyimwa matengenezo iliyokuwa na haki nayo. Kwa maelezo ya AT&T, seva zake 8,600 hivi zilitegemea programu hizo. Broadcom ilipinga madai hayo, na Novemba mwaka huo pande mbili zilielewana. Funzo ni kwamba hata mwanzilishi wa jukwaa huria anaweza kubaki mteja aliyefungwa.

Mfano mwingine ni Rakuten ya Japani. Mtandao wake wa simu, uliofunguliwa kwa biashara Aprili 2020, ulijengwa kwa mtindo wa programu tangu mwanzo, bila mitambo ya zamani ya kuikokota. Hata hivyo mwaka 2022 kundi zima la Rakuten lilipata hasara ya yeni bilioni 372.9, na biashara ya simu ndiyo iliyochangia zaidi. Minara ilibidi ijengwe, na kampuni iliyowapokea wateja wake pale ambapo minara haikuwapo ilibidi ilipwe. Programu haipunguzi bei ya mnara wala ya umeme.

Faida ya kweli iko wapi?

Faida kubwa ya jukwaa huria ni nguvu ya kupatana bei. Mnunuzi anayeweza kuhama husikilizwa. Ndiyo maana Novemba 2022 kampuni za Ulaya, zikiwamo Vodafone, Orange na Deutsche Telekom, zilianzisha mradi mwingine wa pamoja uitwao Sylva, safari hii kwa teknolojia mpya zaidi ya kufungasha programu katika makasha mepesi.

Mwenye hisa anayehudhuria mkutano mkuu wa mwaka anaweza kuuliza maswali matatu. Je, programu za mtandao wetu zinaweza kuhamishiwa kwenye seva za muuzaji mwingine? Mikataba ya matengenezo inamalizika lini, na nani anapanga bei mpya? Tunao wataalamu wangapi wetu wenyewe? Uongozi ukijibu kwa ufasaha, hiyo ni dalili njema. Ukijibu kwamba mtandao ni wa kisasa na kuishia hapo, gharama ya kipuri bado iko mikononi mwa mwenye duka, na itatolewa kwenye fungu lile lile linalolipa gawio.